Frateri na Gesi Adimu



Vijana tuliosoma nao sekondari huko nyumbani, Ngara na Biharamulo, wametubandika jina: "gesi adimu". Wanakumbuka jedwali la elementi, safu ile ya mwisho upande wa kulia: heliamu, neoni, argoni na wenzao, ambazo ganda lao la nje limeshajaa elektroni na hazitafuti mwenzi. Wanatania useja wetu. Utani wenyewe si mbaya, lakini umetukaa moyoni kuliko mihula miwili ya metafizikia.

Argoni ni karibu asilimia 1 ya hewa tunayovuta. Inaingia kifuani, inatoka, haikuungana na chochote. Ndiyo maana ilikaa bila kutambuliwa mpaka 1894, Rayleigh na Ramsay walipoigundua. Jina walilolitoa kwenye Kigiriki maana yake ni mvivu. Je, padre awe hivyo?

Elementi nyingi hazina starehe hiyo. Mwaka 1932 Linus Pauling alipanga kipimo cha nguvu ya atomi kuvutia upande wake elektroni inazoshirikiana na mwenzake, yaani elektronegativiti. Florini inaongoza kwa 3.98. Nikeli ina 1.91 na salfa 2.58, na ndoa ya hizo mbili ndiyo iliyolala pale Kabanga, Ngara, kwa zaidi ya miaka bilioni 1. Hakuna atakayeokota kule kipande cha nikeli tupu; kuitenganisha na salfa kunataka joto kali au kemikali kali. Dhahabu ya Biharamulo haina mambo hayo, haishiki kutu, na pengine ndiyo maana watu wanaikimbilia zaidi.

Hata gesi adimu zenyewe si wagumu kiasi hicho. Mwaka 1962, huko Kanada, Neil Bartlett aliunganisha xenoni na kampaundi ya platini na florini, wakati vitabu vilikuwa vikifundisha kwamba haiwezekani.

Hoja yetu kubwa, hata hivyo, tunaichukua kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino. Anafundisha kwamba Nafsi za Utatu ni mahusiano: Baba ni Baba kwa kuwa ana Mwana. Mungu hapungukiwi kitu, na bado ndani yake kuna kuhusiana tangu milele. Basi anayesema padre anafanana na Mungu kwa kutomhitaji mtu, amemchanganya Mungu na argoni.

Tumeona wenzetu wakiacha malezi. Vijiweni husemwa ni wanawake. Waliotuambia wenyewe walitaja jambo jingine: kwenda likizo na kuwekewa kiti cha peke yao, mbali na mkeka, mazungumzo yakikatika wakifika. Mapadre wetu nao huzunguka vigango, hurudi usiku, hula peke yao. Waamini huwaletea ndizi, maharage na kuku, nao hushukuru. Ni wachache wanaokaa wakala nao.