Baridi Inayoogopwa na Mbu Asiyeogopwa

Ukienda kumpa hongera mzazi hapa Mwanza katika miezi ya Juni na Julai, aghalabu utaonyeshwa furushi: kofia ya sufu, sweta mbili, soksi, kanga, na blanketi zito juu ya vyote. Ndani ya furushi hilo yumo kiumbe asiyeweza kusema kuwa anasikia joto.

Mji wetu uko kando ya Ziwa Viktoria, kiasi cha meta 1,140 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi hiyo usiku hupoa hadi karibu nyuzi 16. Hiyo ni baridi, ila si baridi ya Makete. Tena vyumba vyetu vingi vimeezekwa kwa bati. Saa mbili za usiku bado vinafukuta joto la mchana. Ifikapo alfajiri vimepoa. Mtoto anayevikwa jioni nguo za alfajiri huuanza usiku wake kwa jasho.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama mkwe alivuka kutoka Ukerewe kuja kunitunza. Kila nilipompunguzia mtoto nguo, yeye alimwongezea. "Mwanangu," aliniambia, "upepo wa ziwa hauna huruma. Mimi umenichukulia wawili." Sikuwa na ulimi wa kumjibu mzee aliyezika watoto wawili.

Siku kadhaa zilipopita, nilimwomba kwa upole anisimulie walivyougua. Akasema miili yao ilichemka kama chungu, wakatetemeka, wakalegea, wakakataa ziwa la mama. Nilipoyasikia hayo niliwaza malaria. Lakini mzazi amwonaye mwanawe akitetemeka, huku mawimbi yakivuma nje, atalaumu nini kama si baridi?

"Mama," nilimwambia, "tafadhali mguse mjukuu wako shingoni." Alitia vidole nyuma ya shingo ya mtoto, akavitoa vimelowa. Hakusema neno. Aliivua ile kofia kwa mkono wake mwenyewe.

Hicho ndicho kipimo ambacho kila mlezi yafaa akijue. Viganja na nyayo za mtoto mchanga huweza kuwa baridi hali mwili umetosheka; shingo na kifua ndivyo visemavyo kweli. Kwa kawaida humtosha mtoto nguo moja zaidi ya zile zinazomtosha mama yake katika chumba hicho hicho. Vazi la usiku liwe la pamba, jepesi, lisilobana, na nepi iwe kavu. Sweta ya nailoni haifyonzi jasho kama pamba. Alfajiri ikipoa, mwongezee vazi moja la kuvaa, usimtupie blanketi. Tepe, pini, shanga na kamba za shingoni zisilale naye. Kofia humfaa aliyezaliwa punde. Naye mtoto njiti ana mahitaji yake, kwanza joto la kifua cha mama, kama mkunga atakavyoelekeza.

Matandiko nayo yawe machache: godoro gumu na shuka iliyochomekwa barabara, pasipo mto wala blanketi zito liwezalo kumfunika pua. Mtoto alazwe chali. Uingereza ilipoanza kuwahimiza wazazi kufanya hivyo mwaka 1991, vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Wazee wetu huhofu kwamba atapaliwa akicheua. Lakini mtoto mwenye afya, akiwa chali, humeza au hukohoa. Ni heri awe na mahali pake karibu na kitanda cha mama. Pasipo nafasi, asilale katikati ya watu wazima wala na ndugu zake wadogo, na asilale kitanda kimoja na mlevi au mvuta sigara.

Kuna na desturi ya kuingiza jiko la mkaa chumbani ili mzazi na mwanawe wapate joto. Desturi hii yafaa ikomeshwe kabisa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huweza kuua nyumba nzima usingizini.

Kinachobaki ni chandarua chenye dawa. Kati ya mwaka 2004 na 2014 wajawazito wa Tanzania walipewa hati punguzo kliniki ili wavinunue kwa bei nafuu. Hata hivyo, kupata chandarua na kukitumia ni mambo mawili. Mwaka 2008 watafiti walieleza jinsi wavuvi wa upande wa Kenya wa ziwa hili walivyotumia vyandarua kuanikia dagaa na kuvulia samaki. Riziki ni riziki, lakini wavu huo ulikusudiwa kumlinda alalaye. Uchomekwe chini ya godoro pande zote kabla giza halijaingia, wala usimguse mtoto.

Mama mkwe alipopanda meli kurudi Ukerewe alibeba vyandarua viwili kwa ajili ya wajukuu wengine. Akina mama, na ninyi akina baba mshikao fedha, kabla ya kununua sweta ya tatu, washeni taa mkikague chandarua. Kikiwa na tundu, lishoneni usiku huu huu.