Boti ikitengenezwa uani, mtoto akae mbali

KWA familia nyingi za pwani na za kando ya Ziwa Victoria, boti ya faiba ndiyo shamba lao. Ikilala nchi kavu wiki mbili tu, jikoni hujulikana. Ndiyo maana baba akigundua kuwa ubao wa nyuma unaobeba mashine umeoza, huivuta boti hadi karibu na nyumba na kuanza kazi hapohapo, watoto wakitazama.

Ubao huo mara nyingi ni plaiwudi iliyofichwa katikati ya matabaka ya faiba. Maji huingia taratibu kupitia matundu ya bolti yasiyozibwa vizuri, kisha kuvu huula ubao kimyakimya. Kubandika faiba juu ya uozo hakusaidii. Fundi hukata tabaka moja, hutoa ubao wote uliooza, huacha pakauke kabisa, ndipo huweka plaiwudi mpya na kuifunika upya kwa faiba na resini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini kazi hiyo huingia hadi ndani ya nyumba. Grainda na msasa hurusha vumbi lenye nyuzi ndogo za kioo zinazowasha ngozi, macho na koo, na vumbi hilo hung'ang'ania nguo. Resini ya poliesta nayo hutoa mvuke wa stairini, unaoweza kuleta maumivu ya kichwa na kizunguzungu. Barakoa ya kitambaa haiuzuii mvuke huo. Fundi anahitaji yenye vichujio vya kemikali.

Linalotisha zaidi ni hadina, dawa ya kugandisha resini. Nyingi haina rangi, na kwa kuwa hutumika kidogo kidogo, ni rahisi mtu kuimimina kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hawezi kuitofautisha na maji. Ikimezwa huunguza koo na tumbo. Ikiingia jichoni inaweza kupofusha.

Ikitokea bahati mbaya, jicho lioshwe palepale kwa maji safi yanayotiririka, si chini ya dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali. Aliyemeza asilazimishwe kutapika. Awahishwe hospitali, na chupa yenyewe ibebwe ili daktari ajue alichokunywa.

Mengi ya kumkinga mtoto hayahitaji fedha. Boti ikae mbali na nyumba, mahali ambapo upepo hausukumi vumbi kuelekea jikoni. Hadina ibaki kwenye chombo chake, ifungiwe juu. Nguo za kazi zikung'utwe nje na zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi za mtoto.

Gumu zaidi ni la jioni. Mtoto humkimbilia baba yake akitaka kubebwa, na hakuna mzazi anayefurahia kumwambia asubiri. Hata hivyo asubiri, baba aoge kwanza.