Nyuma ya Jalada la Santuri

Bendi ya Magazine ya Manchester haikuishi sana. Howard Devoto aliiunda mwaka 1977 baada ya kujitoa Buzzcocks, kundi la panki alilokuwa mwimbaji wake wa kwanza, na kufika katikati ya mwaka 1981 alikuwa ameshatoka huku nako. Zilibaki albamu nne za studio za zama zile. Muziki wao ni wa ule mkondo uliofuata panki, ambao Waingereza waliuita posti-panki: gita kali, kinanda kilichotanda wimbo mzima, besi inayotangulia mbele badala ya kujificha, na mwimbaji anayejihoji mwenyewe. Kwetu Unguja, wakati ule, sikumjua hata mtu mmoja aliyelisikia jina lao. Lakini London wapo watu waliovuka miaka sitini ambao ukiwatajia albamu hizo nne, watakusimulia maisha yao.

Nawajua wachache. Aliyenipeleka kwao ni jirani yangu, mzaliwa wa Bolton, dereva wa treni aliyestaafu. Hukutana Jumamosi katika mkahawa wa Kilebanoni Edgware Road, wakitoka kuchakura santuri za mitumba Church Street, soko lililo kando ya barabara hiyo. Wanapenda kahawa yenye iliki, na hakuna anayewaharakisha kuondoka mezani. Edgware Road ndivyo ilivyo. Inaanzia Marble Arch kuelekea kaskazini, imenyooka tangu enzi za Warumi, na tangu miaka ya 1970 Walebanoni waliokimbia vita, Wamisri, Wairaki na watu wa Ghuba wameifanya mtaa wao. Sheria ya kukataza kuvuta ndani, iliyoanza kutumika mwaka 2007, iliwatoa wavuta shisha wote nje, kwa hiyo mazungumzo ya huko ni ya barazani. Mtu wa Unguja hahitaji kufundishwa kukaa barazani.

Kila mmoja pale ana albamu yake. Jirani yangu haambiwi kitu kuhusu Real Life, ya kwanza, ya mwaka 1978. Aliisikia akiwa na miaka kumi na minane, majira ambayo kiwanda cha nguo alichofanyia kazi baba yake kilifungwa na mzee akawa anashinda jikoni bila kusema neno. Kaka yake alikuja na santuri ile kutoka Manchester, wakaipiga chumbani kwa sauti ya chini ili wasimkere baba. Siku ya tatu baba akapanda ngazi, akakaa kitandani, akasikiliza upande mzima, kisha akauliza anayepiga gita ni nani. Wakamwambia: John McGeoch. Akatikisa kichwa, akashuka. Jirani yangu anasema lile ndilo swali la kwanza baba yake kuuliza tangu kiwanda kifungwe.

Yupo mama mmoja, muuguzi mstaafu, wa The Correct Use of Soap, ya mwaka 1980. Aliinunua alipokuja kusomea uuguzi Paddington, hana ndugu wala rafiki mjini. Jioni moja msichana wa chumba cha pili akabisha hodi kuuliza bendi gani ile. Wakawa marafiki kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka mwenzake alipofariki. Mama huyu hawezi kuizungumzia albamu hiyo bila kumtaja, na wenzake wamezoea kumwacha amalize. Fundi umeme mmoja anaisimamia Secondhand Daylight, ya mwaka 1979, ambayo baadhi ya wahakiki wa siku zile waliibeza. Yeye ni mtu wa kutetea kilichobezwa, katika muziki na katika siasa.

Kila mara mazungumzo huanza na ubishi wa ipi bora, na baada ya kikombe cha pili ubishi umeyeyuka, watu wanaulizana: ulikuwa wapi ulipoisikia? Alikupa nani? Nimeyasikiliza majibu hayo mara nyingi, na karibu kila jibu lina mtu ndani yake. Kaka, mpenzi, mwalimu, mtu aliyeazima santuri asirudishe. Naamini sasa kwamba hakuna mtu anayependa muziki peke yake. Hata yule anayejifungia chumbani, kuna mkono uliomfikishia.

Jambo jingine lililonigusa ni kwamba wanajua majina. Si la mwimbaji tu. Besi ni ya Barry Adamson, kinanda ni cha Dave Formula, ngoma ni za John Doyle, na The Correct Use of Soap ilisimamiwa studio na Martin Hannett, yule yule aliyeisimamia bendi ya Joy Division. McGeoch alifariki mwaka 2004 akiwa na miaka arobaini na minane, nao humtaja kwa heshima tunayowapa marehemu wa nyumbani. Majina haya waliyapata wapi? Nyuma ya jalada. Kijana wa miaka ile hakuwa na pesa ya santuri nyingi, hivyo aliyonayo aliisoma mpaka akaihifadhi.

Zamu yangu ilipofika niliwatajia albamu ambayo hakuna aliyewahi kuichagua pale: Magic, Murder and the Weather, ya mwaka 1981, ya mwisho. McGeoch alikuwa ameshahamia bendi ya Siouxsie and the Banshees. Robin Simon alishika nafasi yake kwa muda, naye akaondoka. Akaitwa mpiga gita mwingine, Ben Mandelson. Albamu ikarekodiwa, Devoto akajitoa, bendi ikavunjika. Ukimpima Mandelson kwa mwaka ule utasema alifika karamuni sahani zinaoshwa.

Lakini jina lake mimi nilikuwa nalijua kabla sijaijua Magazine. Nililikuta nyuma ya jalada la taarabu. Baada ya bendi kuvunjika, Mandelson alikuwa mmoja wa kundi la 3 Mustaphas 3, na katikati ya miaka ya 1980 yeye na Roger Armstrong wakaanzisha lebo ya GlobeStyle, chini ya kampuni ya Ace ya hapa London. Lebo hiyo, mwishoni mwa miaka hiyo, ilitoa mfululizo wa taarabu ya Unguja: Seif Salim Saleh na Abdullah Mussa Ahmed, Ikhwani Safaa, Culture Musical Club. Ikatoa Nyota, iliyokusanya nyimbo za Black Star na Lucky Star za Tanga, na sauti ya Bi Shakila ikafika madukani Ulaya. Ikatoa pia Zein Musical Party na Maulidi wa Mombasa. Mimi nilizikuta katika duka la London nikiwa mgeni, mwenye baridi na upweke, na nilisimama mbele ya rafu ile mpaka muuzaji akaja kuniuliza kama niko salama.

Niliwaeleza wenzangu haya, na yule mama muuguzi akasema, “Basi albamu ile imekuwa na maana kuliko tulivyodhani.” Nakubaliana naye, lakini nataka haki itendeke. Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905. Siti binti Saad alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za HMV. Na kabla ya hapo, kama inavyosimuliwa, Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza ganuni, jambo ninalolikumbuka kila mkahawa ule unapopiga nyimbo za Umm Kulthum wa Misri. Taarabu haikungoja kugunduliwa na mtu wa London. Mandelson nampenda kwa sababu alikwenda kusikiliza, kisha akaandika majina. Mpiga gita aliyekuwa jina dogo nyuma ya jalada la wengine alihakikisha wapigaji wa Unguja na Mombasa nao wana mahali pao nyuma ya jalada.

Hapo ndipo pananiuma. Kaseti tulizokulia nazo hazikuwa na jalada. Zilinakiliwa kutoka kaseti iliyonakiliwa, na juu yake kalamu ya wino imeandika “Ikhwani” na namba, basi. Mwimbaji tulimjua kwa sauti. Mpiga fidla, mpiga nai, mpiga dumbaki, wale waliotuliza na kutuchezesha harusini, hawakuandikwa popote. Nilipokwenda likizo nilimpelekea mjomba wangu wa Malindi kaseti moja ya zamani, nikamwomba aniambie fidla ile inapigwa na nani.

“Huyu humjui, mwanangu?” akaniuliza, akacheka kwa furaha.

Akanitajia jina lake, jina la baba yake, mtaa wake, na kwamba mchana alikuwa mshoni wa kanzu na kofia. Akanieleza usiku ambao waya wa fidla ulikatika katikati ya wimbo na mtu huyo akamaliza kwa waya tatu zilizobaki, waliokaa mbele wasitambue. Alizungumza mpaka adhana ya alasiri. Jalada la kaseti ile lilikuwepo siku zote, kichwani mwa mjomba wangu. Leo mjomba ni marehemu. Majina aliyonitajia ninayo kwa sababu niliyaandika jioni ile ile.

Waingereza wana bidii ya kuwaenzi watu wao, na hilo ni jambo la kuigwa. Pale Edgware Road inapokutana na Harrow Road, chini ya daraja kubwa la magari, njia ya waenda kwa miguu ilipewa jina la Joe Strummer wa bendi ya The Clash, aliyefariki mwaka 2002. Ilikuwa njia ya chini ya barabara tu, ya kawaida, lakini aliyepita na mtoto wake akaulizwa Joe Strummer ni nani, ilimbidi asimulie.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu kuna kisanduku cha kaseti, au flashi iliyojaa nyimbo zisizo na majina, mpigie simu ami yako, shangazi yako au bibi yako wiki hii. Sikilizeni pamoja. Usiishie kumuuliza ni wimbo gani anaoupenda. Muulize aliusikia wapi, na nani alikuwa amekaa karibu naye. Muulize anayepiga fidla ni nani, na ganuni, na akodiani. Ni mtoto wa nani, wa mtaa gani. Andika, utie tarehe, uwape na ndugu zako nakala. Bi Kidude alitutoka Aprili 2013, Bi Shakila mwaka 2016, na redio zote zilitangaza. Wapigaji waliokaa nyuma yao wanaondoka bila kutangazwa.