Batri ya kinga imechoka: tufufue seli gani?

Ndugu msomaji, wewe unayekaa Kolwezi, Likasi ao Kipushi, unajua kobalti kuliko mimi, maana inatoka chini ya miguu yako. Kwetu Lubunga, ngambo ya kushoto ya mto hapa Kisangani, inatufikia ikiisha kugeuka batri. Na batri ikichoka, watu wanafanya nini? Wengine wanaitupa. Wengine wanaifufua bila kujua. Njia zote mbili si nzuri.

Unajua watu wa toleka, wale wanaobeba abiria nyuma ya kinga. Mtoto wa dada yangu anakula kwa kazi hiyo. Alipata kinga ya umeme, ya mitumba. Mwanzo ilimbeba siku nzima, kisha ikaanza kuzimika njiani. Batri mpya? Bei yake ilipita bei ya kinga mbili za kawaida. Basi tukaifungua nyumbani, inje, chini ya mwembe.

Sikiliza vizuri namna batri ile ilivyo. Ni ya volti 36: vikundi 10 vya seli ndogo, vimefuatana kama behewa za treni. Kila kikundi kikijaa kinafika volti 4.2, na vyote pamoja 42. Kikundi kimoja kikichoka, sahani ndogo ya ulinzi inakata umeme wote, hata kama vile tisa vingali na nguvu. Njo maana batri inaonekana imekufa na bado haijafa.

Tulivua pete na saa kwanza, juu chuma ikigusa ncha mbili inaunguza kidole mara moja. Tukapima kikundi kimoja kimoja. Tisa vilikuwa vizuri. Cha saba kilikuwa na seli nne zenye volti moja tu.

Hapo njo tuligombana. Kijana akasema: "Noko, tuzichaji polepole, zitaamka. Watoto watakula nini?" Nikakataa. Seli iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2, shaba iliyo ndani yake inaanza kuyeyuka. Ukiichaji tena, shaba ile inaweza kuunganisha pande mbili kwa ndani. Seli inapata moto, na moto wake unawaka haraka, na moshi wake ni sumu. Watoto wale wale tunaowatafutia chakula wanalala mu chumba kinamowekwa batri.

Kinga ilisimama karibu miezi miwili. Alirudia kinga ya kukanyaga, na jioni hakunisalimia vizuri. Mwishowe tukapata seli nzuri ku batri zingine za zamani. Tulizichaji, tukaziacha majuma mawili, tukapima tena: iliyoshuka yenyewe tuliitupilia mbali. Tulichagua nne zenye nguvu sawa na wenzake. Fundi akaziunganisha kwa mashine ya kuchoma nukta, si kwa chuma ya sudiri, maana joto la sudiri linaharibu seli. Sahani ya ulinzi hatukuitoa. Chaji ya kwanza tulifanya inje, mchana, mbali na nyumba, tukikaa macho. Leo kinga inatembea, ingawa si kama mpya.

Wewe kijana unayependa ufundi, shika maneno haya. Seli iliyovimba, iliyobonyea, iliyoingia maji ao iliyokufa kabisa, usiifufue. Usichaji usiku watu wakilala, wala karibu na mlango, maana mlango njo njia ya kukimbilia. Kama hauna kipima volti, peleka kwa fundi.

Na wewe mzazi wa mu mugodi: seli nzuri iliyookolewa ni jasho lako halikupotea bure. Lakini usikubali mtoto aokoe seli na kupoteza nyumba.