Lutuku ya kwetu na bei ya kuni

Kwetu Fizi, Kivu ya Kusini, lutuku ndiyo iliyonilipia minervali. Wabelgiji waliikataza, na hata leo wanaoipika hawaitangazi barabarani. Lakini akina mama wanajua hesabu: gunia la mahindi ukiliuza sokoni, franga zinaisha mara moja, ukilipika, linasomesha mtoto.

Kazi yenyewe ni ndefu. Mama analoweka mahindi mpaka yaote, anayaanika, anayasaga, anayachanganya na unga wa muhogo na maji. Yakiisha kuchacha, yanaingia ndani ya pipa lililofunikwa vizuri, moto chini. Mvuke unapita katika bomba, bomba linapita ndani ya maji baridi, na lutuku inatoka tone kwa tone. Ile ya kwanza, yenye harufu ya kuchoma pua, mama anaimwaga. Haimuuzii mtu.

Shida ni kuni. Pipa linakula moto tangu asubuhi mpaka jioni. Ndiyo maana baba, kabla hajafariki, alipanda grevilea kwenye mipaka ya shamba. Tunakata matawi, shina linabaki, na majani yanaanguka juu ya maharagi. Mikaratusi aliiweka mbali na chemchemi, maana inakunywa maji sana. Pipa tumelizungushia jiko la udongo, moto usitoroke pembeni. Maji ya kupozea, yakiisha kupoa, yanamwagilia lengalenga. Majivu yanarudi shambani. Mabaki ya pipa yanalisha nguruwe.

Halafu wahami wakafika kutoka milimani. Familia moja tuliipokea uani kwetu. Siku moja mama wa familia ile alimwangalia nguruwe akila, akasema: «Dada, mahindi haya yote yanaingia kwenye pipa, na watoto wangu jana walilala na maji ya chumvi.» Hakusema kwa hasira. Mama hakumjibu siku ile.

Tangu msimu ule, mahindi ya chakula, yetu na ya wageni, yanatengwa kwanza. Yanayobaki ndiyo ya pipa. Yasipobaki, pipa linalala. Kwa ajili hiyo minervali ya mdogo wangu ilichelewa muhula mzima. Sasa mama wawili hao wanapogoa grevilea pamoja, na matawi wanagawana.

Ndugu wasikilizaji, najua akina mama wengine waliohama wanapika lutuku huko walikofikia, kwa sababu shamba hawana. Siwalaumu. Ila kuni zinazidi kuwa mbali, na njia ya porini si salama kwa mwanamke aliye peke yake. Sisi wenye mashamba tuwape sehemu ya mpaka wapande miti, na matawi yawe yao. Mti wa mpakani haumnyang'anyi mtu muhogo wake.