Vidole viwili, kinanda kimoja

Mwezi huu tumeombwa tueleze habari za ile kinanda ya kwenye tableti ambayo watoto wanaigombania kila jioni.

Sisi ni vijana wanne tunaojifunza kompyuta. Tulitaka kutengeneza kinanda ambacho watoto wawili wanaweza kupiga pamoja, mmoja sauti ya chini, mwingine ya juu, kama kwaya. Tableti ni moja na watoto ni wengi. Kupiga wawili wawili kungepunguza foleni, na kilio pia.

Siku ya kwanza walikaa dada na mdogo wake. Dada akashika kitufe cha chini, sauti ikatoka. Mdogo akashika cha juu, nayo ikatoka. Lakini mdogo alipoinua kidole, sauti zote mbili zikakatika, na dada yake bado ameshika! Wakarudia, safari hii dada akainua kwanza. Ya mdogo ikakatika pia. Akaanza kulia: "Yaya, mashini inanikatala!"

Kosa lilikuwa letu. Zamani kompyuta iliongozwa na kipanya, na kipanya kina mshale mmoja tu. Kwa hiyo programu nyingi ziliandikwa kama vile mtu ana kidole kimoja. Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walikuwa na mashine ya kutambua vidole vingi tangu 1982, lakini watu wengi waliyaona mambo hayo iPhone ilipotoka mwaka 2007. Hapo watengenezaji wa vyombo vya kuandikia programu wakalazimika kufuata. Qt, inayotumika kwenye Windows, Linux na Mac, iliongezewa vidole vingi katika toleo la 4.6, Desemba 2009. Kivy, ya lugha ya Python, ilitoka 2011 ikiwa na vidole vingi tangu msingi wake. Ndiyo tunayotumia sisi.

Kivy inaleta habari tatu: kidole kimegusa, kimesogea, kimeinuka. Tena kila kidole kinapewa namba yake, na namba hiyo inabaki nacho mpaka kinapoinuka. Namba zilikuwepo, ila sisi hatukuziandika. Tuliandika "kidole" basi, na kidole chochote kikiinuka, programu inazima kila kitu.

Mama mmoja alitusikia tunabishana, akacheka: "Muandike kila kidole na namba yake, kama vile banatuandikaka siye. Mtoto moja akitoka, habafute jamaa yote!"

Ndivyo tulivyofanya. Ndani ya programu tuliweka kama daftari: namba hii imeshika kitufe hiki. Kidole kikiinuka tunatafuta namba yake, tunazima kitufe chake peke yake, tunafuta mstari wake. Wengine wanaendelea.

Mchana tableti inatumika kwa masomo, kwa hiyo tulijaribu kwenye kompyuta ya kawaida isiyo na kioo cha kugusa. Kivy ina ujanja wake hapo: ukibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, inabaki alama nyekundu, nayo inahesabiwa kuwa kidole. Hicho ndicho kilikuwa kidole chetu cha pili, cha kuazima.

Neno moja la tahadhari: vioo havilingani. Vingine vinatambua vidole viwili tu, vingine vitano, vingine kumi. Mkiona kidole cha tatu hakisikiki, msimpige mtoto, na msitulaumu sisi haraka!

Jumamosi wale ndugu wawili walirudi. Mdogo akainua kidole, akashika tena, akainua. Sauti ya dada yake haikukatika hata mara moja. Akatuangalia, akasema: "Sasa inanijua."

Wiki iliyofuata jamaa yao ilipanda basi kwenda kambi ya Mahama. Tableti ilibaki huku, ni ya wote. Lakini programu ya Kivy ukishaiandika unaweza kuiandaa kwa Windows, kwa Linux au kwa simu ya Android, bila kuiandika upya. Basi usiku ule kabla ya safari tuliiweka kwenye simu ya baba yao. Kioo ni kidogo, lakini vidole viwili vinaenea.

Mwenye simu ya kugusa aje Jumamosi baada ya saa nane, naye tumuwekee. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.