Mstari Mmoja Hautoshi kwa Kazi ya Baba

Kazi iliyonilisha hapa Eldoret ni kuandika na kuhariri wasifu wa marehemu: kile kijitabu chenye picha kwenye jalada ambacho waombolezaji hupewa siku ya mazishi. Niliianza enzi za taipureta na stensili, nikaendelea nayo kompyuta zilipoingia, na ingawa rangi zimeongezeka, mpangilio haujabadilika. Kuzaliwa, kusoma, kuajiriwa, kuoa, kuugua, kufariki. Kuugua hupewa aya nzima pamoja na majina ya hospitali. Ajira hupewa mstari mmoja, kwamba alifanya kazi kiwandani hadi alipostaafu. Kisha hufuata mume mpendwa, baba mlezi na babu wa wajukuu wengi, maneno ambayo yangeweza kuhamishiwa kwa jirani yake bila mtu kushtuka. Miaka ya kupanga kurasa hizo imenifikisha kwenye imani moja: huwezi kumkumbuka mwanamume wa mji huu kama mume, baba na babu bila kuisimulia kazi yake kwa kina, maana sehemu kubwa ya upendo wake aliitoa kwa kufanya kazi.

Mji wenyewe ni ushahidi. Eldoret ilichipuka kwenye shamba lililojulikana kwa namba 64, reli ikaufikia mwaka 1924, na wengi walioingia kutoka Nandi, Keiyo, Bungoma, Kakamega au Kisii waliletwa na kazi. Kulikuwa na ngano na mahindi ya uwanda wa Uasin Gishu, maziwa ya kiwanda cha KCC, miti ya kampuni ya EATEC iliyochunwa magome ya kutengenezea ngozi, na katika miaka ya 1970 kikaja kiwanda cha Rivatex, kilichopokea pamba na kutoa vitambaa. Humo mmoja alisokota nyuzi, mwingine akafuma, mwingine akatia rangi, mwingine akachapa maua ya kitenge. Hizo si kazi za aina moja. Fundi wa mitambo ya kufuma hurudi nyumbani na kelele zake masikioni, mtu wa rangi huishi kwa kupima joto na muda, na mtu wa zamu ya usiku hulala watoto wakiwa shuleni, akatoka wao wakijiandaa kulala. Mtoto aliyelelewa na baba wa namna hiyo huenda akabaki na kumbukumbu ya mtu aliyelala mchana, asijue kwamba usingizi ule ulikuwa sehemu ya malezi yake. Mishahara hiyo ndiyo iliyolipa karo, na kwa familia nyingi ndiyo iliyonunua hisa katika vyama na kampuni zilizonunua mashamba ya walowezi baada ya uhuru. Tunamzika mzee katika ekari alizozipata kwa jasho la zamu, na kijitabu tunachogawa juu ya ardhi hiyo hakisemi ilivyopatikana.

Anayeona kwamba maelezo ya kazi ni mambo madogo amtazame Ben Jipcho, mkimbiaji wa Mlima Elgon aliyefariki Eldoret mnamo Julai 2020. Ukimwandika kwa medali utaandika mengi: fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji huko Munich 1972, rekodi ya dunia ya mbio hizo Helsinki 1973, dhahabu mbili na shaba moja katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch 1974. Lakini kazi ambayo Wakenya wanapaswa kumkumbuka kwayo haikumpa medali yoyote. Katika fainali ya mita 1,500 ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alichomoka mbele, akamaliza mita 400 za kwanza kwa takriban sekunde 56, ili Mmarekani Jim Ryun, mwenye rekodi ya dunia na umaliziaji mkali, asipate mbio za polepole ambazo zingemwezesha kungoja hadi mwisho. Katika mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kasi hiyo ilikuwa mzigo mkubwa kwa kila mtu. Kipchoge Keino akashinda kwa dakika 3 na sekunde 34.9, karibu mita 20 mbele ya Ryun. Jipcho akawa wa kumi. Matokeo yanasema wa kumi, basi. Ni maelezo ya kazi tu yanayosema kwamba alijitoa ili mwenzake ashinde. Viwanda na mashamba yetu yalijaa watu wa kumi wa aina hiyo.

Wapo wanaosema kwamba msiba si mahali pa habari za ajira, kwamba waliofiwa wanataka faraja na mazungumzo ya mashine hayafariji. Naheshimu machozi yao, lakini naona faraja isiyo na ukweli ndani yake haidumu hata matanga kwisha. Tena si kweli kwamba familia hazijali maelezo. Orodha ya walioachwa hujadiliwa usiku kucha: mke yupi atangulie, watoto wa nyumba ipi watajwe. Sababu inaeleweka, kwani kijitabu cha mazishi huweza kufikishwa mahakamani katika kesi za urithi kuonyesha nani alitambuliwa kuwa mke au mtoto. Siwalaumu. Ninachosema ni kwamba kama tunaweza kuipima kila herufi ya orodha ya warithi, basi mtu aliyeuchuma urithi huo anastahili aya mbili za namna alivyouchuma.

Pingamizi zito zaidi ni la aibu. Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1990, nguo za bei nafuu na mitumba zilifurika sokoni, viwanda vya nguo nchini vikayumba, na Rivatex ikafunga milango. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda hicho mwaka 2007, na kikazinduliwa upya mwaka 2019. Kati ya kufungwa na kuzinduliwa kuna umri mzima wa kazi wa wanaume na wanawake waliorudi nyumbani mikono mitupu. Wasifu wao huruka miaka hiyo, au huiziba kwa neno kujiajiri. Familia huniambia ni heshima kunyamaza. Mimi naona kunyamaza huko kunamdhulumu marehemu, kwa kuwa pengo likiachwa bila sababu, wajukuu watalijaza wenyewe: babu alikuwa mvivu, babu alishindwa na maisha. Ukiandika kwamba kiwanda kilifungwa kwa sababu za sera na soko, na kwamba baada ya hapo aliuza mahindi ya kuchoma, akalima shamba la kukodi na bado watoto wakamaliza shule, umemtetea mtu asiyeweza tena kujitetea.

Mwanamke yeyote ana haki ya kuuliza: je, ukisifu mshahara wa mume, mke anabaki wapi? Ni swali la haki, na ndilo linalonithibitishia hoja yangu. Ni ule mstari mmoja unaomficha mke. Ukieleza zamu ya usiku, lazima ueleze nani alikamua ng'ombe alfajiri, nani alipeleka maziwa barabarani, nani alilipa karo mwezi ambao mshahara ulichelewa. Kazi ikisimuliwa vizuri, mjane husikia maisha yake mwenyewe yakisomwa kaburini, naye anastahili kuyasikia angali hai. Kwa hiyo ninawaomba wanaosoma haya: msisubiri kamati ya mazishi. Muulizeni baba, na mama akiwa amekaa karibu, aliajiriwa na nani, alifanya nini kwa mikono yake, alilipwa kiasi gani, aliachishwa lini na kwa nini. Andikeni majibu yao, mweke tarehe.